Kwa Nini Mtumishi wa Serikali Akatwe Kodi?

Katika maswali yanayoletwa na ndugu zetu wanaoutafuta ukweli, na hata na wale waliokwisha kujiunga nasi wakiwa na kazi Serikalini, liko swali moja ambalo kwa sura yake ni la hesabu tu, lakini kwa undani wake ni swali la haki na la dhamiri. Husemwa hivi: Mshahara wangu watoka Serikalini. Fedha za Serikali zatoka katika kodi. Basi yawaje Serikali inilipe fedha za kodi, kisha inikate kodi katika fedha zile zile? Je, huku si kutoa kwa mkono wa kuume na kunyang'anya kwa mkono wa kushoto?

Ndugu msomaji, swali hili halifai kudharauliwa. Wenye kuliuliza ni walimu, wauguzi, makarani wa ofisi za mkoa na wilaya, mabwana shamba wanaopanda na kushuka milima ya Uluguru, na watumishi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na cha Mzumbe. Katika mji kama Morogoro, ambao watu wake wengi huishi kwa mshahara wa umma au kwa kuwauzia wenye mshahara huo, swali hili huingia nyumbani kila mwisho wa mwezi, pale hati ya mshahara inapofunguliwa na safu ya makato kusomwa.

Tena liko jambo lililo zito kuliko swali lenyewe, nalo ni jibu ambalo baadhi ya watu wamejipatia wenyewe. Husema moyoni: maadamu Serikali imenichukulia kilicho changu, nami nina haki ya kujirudishia. Basi huyu hufika kazini saa nne badala ya saa moja na nusu. Yule huandika safari ya siku tano ilhali alikwenda kwa siku mbili. Mwingine huyauza mafuta ya gari la ofisi, na mwingine humwomba mgonjwa "chai" kabla ya kumwandikia dawa. Hapo hesabu iliyokosewa imekuwa mlango wa dhambi. Kwa sababu hiyo yatupasa kulijibu swali hili kwa utaratibu, hatua kwa hatua.

Hesabu yenyewe ilivyo

Kwanza tuangalie kinachokatwa, kwani mara nyingi watu hubishana juu ya jambo wasilolipima. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma wa Tanzania kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000 kwa mwezi. Mtumishi wa kima hicho hutoa kwanza mchango wake wa pensheni, asilimia 5, yaani shilingi 25,000. Zinabaki 475,000. Kwa viwango vya kodi ya mshahara vilivyoanza Julai 2021, yaani ile kodi ijulikanayo kwa jina la PAYE, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi hata senti moja. Zinazozidi hapo, mpaka 520,000, hutozwa asilimia 8. Basi mtumishi wetu hutozwa katika shilingi 205,000 tu, na kodi yake ni shilingi 16,400. Mwenye kupata zaidi hukatwa kwa ngazi zinazopanda, asilimia 20, kisha 25, hata kufikia asilimia 30 kwa kile kinachozidi shilingi milioni moja.

Sasa zingatia jambo moja. Mwalimu wa shule ya Serikali iliyo Matombo na mwalimu wa shule ya binafsi iliyo mjini, ikiwa kila mmoja amebakiwa na shilingi 475,000 baada ya pensheni, wote wawili hulipa shilingi 16,400. Sheria haimwulizi yeyote kati yao amelipwa na nani. Yamwuliza amepata kiasi gani. Huu ndio msingi wa kodi ya mapato popote ilipo, nao unatofautiana sana na kodi ambazo wazee wetu walizifahamu. Kodi ya nyumba iliyoletwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na kodi ya kichwa iliyofuata, zilimtaka maskini kiasi kile kile alichotakiwa jirani yake mwenye uwezo. Kijana wa Kiluguru asiyekuwa na fedha alishuka mlimani kwenda kukata mkonge ili apate za kumlipa mtozaji. Kodi za namna hiyo ziliendelea kwa sura mbalimbali hata baada ya Uhuru, na ya mwisho, kodi ya maendeleo, ilifutwa mwaka 2003. Kodi ya mapato, ambayo ilianza kutozwa Tanganyika mwaka 1940, kwanza humtazama mtu ana nini, na asiyefikia kiwango humwacha aende zake.

Serikali ina nafasi mbili

Sasa tuje kwenye kiini. Kosa la hoja ya mikono miwili ni kudhani kwamba fedha iliyolipwa kwa mtumishi bado ni fedha ya Serikali. Hapana. Mtumishi ametoa jasho lake mwezi mzima. Ameuza kazi, na bei ya kazi hiyo ni mshahara. Siku anapolipwa, mshahara umekuwa mali yake kama vile mahindi yalivyo mali ya aliyeyalima. Haidhuru fedha hizo zilitoka wapi kabla hazijamfikia. Muuza ndizi wa Kinole hauziwi hoja kwamba fedha alizolipwa na karani zilikuwa za kodi, kwa hiyo si zake.

Kwa hiyo Serikali husimama mbele ya mtumishi katika nafasi mbili. Katika nafasi ya kwanza ni mwajiri, nayo ina deni kwake: itamlipa kwa kazi aliyoifanya. Katika nafasi ya pili inasimama kwa niaba ya wananchi wote, naye ndiye mwenye deni: atachangia gharama za barabara, hospitali, mahakama na ulinzi kama anavyochangia kila mwenye kipato. Madeni haya mawili yanapokutana siku moja katika karatasi moja, hayageuki kuwa deni moja. Ukimdai jirani yako shilingi elfu kumi, naye akakudai elfu moja, akakupa elfu tisa, hakukuibia elfu moja. Mmelipana.

Mfano wa mlinzi wa mfereji

Pengine bado jambo hili laonekana la vitabuni. Natulishushe shambani. Katika sehemu za Mgeta wakulima wamezoea tangu zamani kuyaongoza maji ya mlima kwa mifereji hadi kwenye matuta yao. Tuseme, kwa mfano tu, kaya 40 zinatumia mfereji mmoja, zikamwajiri mmoja wao awe mlinzi, afungue na kufunga maji kwa zamu, aondoe majani na kuziba palipobomoka. Kila kaya itoe debe moja la mahindi kwa mwaka. Yatapatikana madebe 40: mlinzi apewe 30, na 10 yauzwe ili kutengeneza banio.

Mlinzi naye ana shamba, na shamba lake hunywa maji ya mfereji huo huo. Je, kaya yake itoe debe? Akisema, "Mimi nalipwa kwa madebe yenu, nitawezaje kuwalipa tena?", wenzake watamjibu: madebe 30 ni ujira wa asubuhi za baridi ulizozipitisha mferejini. Lakini debe moja ni la maji yanayokunywesha shamba lako. Ungekuwa seremala, ukapata ujira wako mjini, ungelitoa debe hilo. Basi ulitoe na sasa, kwani shamba lako halinywi maji pungufu kwa sababu wewe ndiwe mlinzi.

Hadi hapa wengi watakubali. Lakini mwulizaji mwerevu atarudi na swali gumu zaidi, nalo ndilo lililobeba uzito wa jambo zima.

Mbona asilipwe pungufu tangu mwanzo?

Atasema: nakubali kwamba nina deni. Lakini kwa nini kuzungusha? Mpeni mlinzi madebe 29 na msimdai debe. Mpeni mtumishi mshahara uliokwisha kupunguzwa, msimkate kodi. Hesabu itakuwa ile ile, na makarani watapunguziwa kazi.

Yatupasa kukiri ukweli. Kwa mwezi mmoja, na kwa mtu mmoja, hesabu ni ile ile. Shilingi 16,400 zilizotoka Hazina na kurudi Hazina hazikuitajirisha Hazina. Mwenye kuitetea kodi hii kwa kusema kwamba Serikali hupata faida kubwa kwa kuwatoza watumishi wake hajaitetea vizuri. Faida yake iko mahali pengine, nayo yaonekana tukiutazama mfereji wetu kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kwanza, tuseme walinzi ni wawili. Mmoja ana mashamba mawili mferejini, mwingine hana shamba. Mkiwapa wote madebe 29, mmemdhulumu asiye na shamba kwa kumkata debe la maji asiyoyatumia, na mmempendelea mwenye mashamba mawili. Haki haipatikani mpaka kila mmoja apewe ujira wake kamili, kisha kila mmoja adaiwe kwa kadiri ya hali yake. Ndivyo ilivyo kwa watumishi. Mmoja ana mshahara tu. Mwingine ana mshahara, na nyumba ya kupangisha, na duka. Mshahara uwe bei ya kazi. Kodi iwe kipimo cha uwezo wa mtu. Vitu hivi viwili vikichanganywa, vyote viwili huharibika. Hata mchango wa pensheni hupimwa kwa mshahara kabla ya kodi, kwa hiyo mwenye kuomba mshahara wake upunguzwe ili asikatwe kodi anaomba uzee wake upunguziwe chakula.

Pili, kila mwezi Juni Bunge hujadili makadirio ya mapato na matumizi, na viwango vya kodi huweza kubadilishwa. Iwapo mishahara ya umma ingewekwa bila kodi, kila badiliko lingetaka ngazi zote za mishahara ziandikwe upya, na isipofanyika hivyo watumishi wangebaki katika nchi yao wenyewe kama wageni wasioguswa na mvua inayowanyea wenzao.

Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa. Mwaka unaofuata banio limebomoka, na sasa kila kaya yatakiwa kutoa madebe matatu. Ni nani atakayesema kwamba ukarabati unahitaji madebe mengi kiasi hicho? Ni mlinzi, kwani yeye ndiye anayelijua banio. Ikiwa naye hutoa kama wenzake, atafikiri mara mbili kabla ya kutaja hesabu kubwa, na wenzake watamwamini. Lakini ikiwa amesamehewa, atataja madebe matatu kwa wepesi kama anavyotaja moja, na hata akisema kweli hataaminiwa. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ndugu msomaji, watunga sheria za kodi hulipwa kwa fedha za umma. Wanaozikadiria wizarani na wanaozikusanya hulipwa hivyo hivyo, na hata mahakimu wanaowahukumu wasiolipa. Ukiwaondoa hawa wote katika kodi ya mapato, umeunda taifa lenye makundi mawili, kundi linalopanga mzigo na kundi linaloubeba. Kodi ya mtumishi wa Serikali ipo ili makundi hayo yasitokee.

Mafundisho ya historia

Jambo hili si la kubuni. Watu wa Uluguru wanalo katika kumbukumbu zao. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima hiyo, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Lakini kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka, na mahali pengi udongo mzuri wa juu ulifukiwa na ule usio na rutuba ukaletwa juu. Walioamuru hawakuchimba, na waliochimba hawakuulizwa. Mwaka 1955 hasira ililipuka, ghasia zikatokea, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Tunajifunza kwamba mzigo uliopangwa na wasioubeba haudumu, hata kama sababu yake yaweza kutetewa.

Kwa sababu hiyo Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 138, imeweka sharti kwamba kodi isitozwe ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Lakini idhini ya Bunge hupata nguvu kamili pale mbunge na waziri nao wanapoguswa na sheria wanayoipitisha. Jirani zetu wa Kenya waliliandika jambo hili waziwazi. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 210, yakataza sheria yoyote kumwondolea ofisa wa dola kodi kwa sababu ya cheo chake au aina ya kazi yake. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya malipo ya wabunge wao, yaani posho zao, haikutozwa. Mwaka 2011 mamlaka ya kodi ilipowadai, baadhi yao walilalamika kwa sauti kubwa, na wananchi waliokuwa wakikatwa kila mwezi bila ya kuulizwa walisikia malalamiko hayo kwa mshangao.

Marekani nako jambo hili lilichukua muda mrefu kunyooka. Mwaka 1871 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mshahara wa hakimu wa jimbo hauwezi kutozwa kodi ya mapato na serikali ya shirikisho. Ni mwaka 1939 tu uamuzi wa namna hiyo ulipotenguliwa, na sheria ikatungwa ya kuwatoza watumishi wa umma wa majimbo kama raia wengine. Huko Uingereza Malkia Elizabeth wa Pili, ambaye sheria haikumlazimisha, alianza kulipa kodi ya mapato kwa hiari mwaka 1993.

Haifai kuficha kwamba kwetu pia uko msamaha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliuweka kando mshahara wa Rais wa Jamhuri ya Muungano na wa Rais wa Zanzibar. Wanasheria wana sababu zao za kuutetea msamaha huo kwa heshima ya kiti chenyewe. Lakini kwa mizani ya hoja yetu, kila msamaha unaotolewa juu kabisa ya ngazi huongeza ugumu wa kumweleza aliye chini, na kiongozi anayechangia kwa hiari humwepusha mwalimu wa kijijini na maneno mengi.

Hazina ya Waislamu ilivyofanya

Mwulizaji wa dini atataka kujua kama jambo hili lina mfano katika historia ya Kiislamu. Lipo, nalo ni la karibu kuliko watu wengi wanavyodhani. Seyidna Abubakar r.a. alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Aliposhika Ukhalifa, masahaba waliona hawezi kuhudumia umma na soko kwa pamoja, wakampangia posho kutoka Baitul Mal. Basi kuishi kwa fedha za umma kwa ajili ya kazi ya umma si aibu, ni haki ya mfanyakazi.

Na je, aliyepokea kutoka Baitul Mal alisamehewa wajibu wa mali? Imamu Malik, mwanachuoni wa Madina, ameipokea habari katika kitabu chake cha Muwatta kwamba Seyidna Abubakar r.a. alipokuwa akiwagawia watu posho zao, alimwuliza kila mmoja kama anayo mali iliyopasiwa Zaka. Akikiri kwamba anayo, Khalifa aliitoa Zaka ya mali hiyo katika posho iliyokuwa ikigawiwa. Akisema hana, alimkabidhi posho yake nzima bila ya kupunguza kitu. Ni katika kitabu hicho hicho imeelezwa kwamba wa kwanza kukata Zaka ya posho zenyewe alikuwa Muawiya.

Tazama jinsi makato yalivyofanywa mbele ya Khalifa mwenyewe. Mkono uliotoa haki ya mtu ndio uliopokea wajibu wake, mahali pamoja na saa moja, wala haikusikika hoja kwamba Baitul Mal yajilipa yenyewe. Na asiyekuwa na mali hakuguswa, kwani kipimo kilikuwa uwezo wa mtu.

Hapa yafaa tahadhari, hasa kwa wale walio wapya katika dini. Zaka ni ibada, ina kiwango chake na wenye kustahili wake waliotajwa katika Kurani Tukufu. Kodi ya Serikali ni mchango wa raia kwa maisha ya pamoja. Aliyekatwa kodi asiseme amekwisha kutoa Zaka, wala aliyetoa Zaka asiseme hapaswi kodi. Kufanana kwao ni katika jambo moja tu tunalolizungumza hapa, yaani kwamba chanzo cha kipato hakimwondolei mtu wajibu wa kipato.

Msomaji aliye karibu na Jumuiya yetu anao mfano mwingine mbele ya macho yake. Mhubiri hupewa posho yake kutokana na chanda za wanajumuiya. Naye hutoa chanda katika posho hiyo hiyo, kama mkulima na kama fundi. Kwa hesabu za mikono miwili ingekuwa rahisi kumpunguzia posho na kumwacha. Lakini angekuwa akiwahimiza watu kutoa kile ambacho yeye hakitoi, na neno lake lingekuwa jepesi.

Malalamiko yaliyo ya haki

Baada ya kusema hayo, tusimtendee mtumishi udhalimu kwa kudhani hana neno la haki. Analo, tena mawili.

La kwanza ni kwamba yeye hana pa kujificha. Kodi yake hukatwa kabla hajaishika, lakini mwenye duka aweza kuuza bila risiti na kutangaza nusu ya mauzo. Hili ni kweli na ni chungu. Walakini dawa yake haipatikani kwa kumwachilia anayelipa, kwani hapo watakuwa wawili wasiolipa, na mzigo utamwangukia mkulima wa Nyandira ambaye hulipa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kila anunuapo bati na sabuni, bila hata kujua kwamba analipa. Dawa ni kila mmoja wetu kudai risiti anaponunua, na mwenye duka anayeogopa Mungu kuitoa kabla hajaombwa.

La pili ni kwamba kodi yake hupotezwa. Mwaka 2016 Serikali ilipohakiki orodha za mishahara iligundua maelfu ya watumishi hewa, majina yaliyokuwa yakilipwa bila ya mtu kufanya kazi. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa yake, na haikosi mambo ya kusikitisha. Katika Sura An-Nisaa amri ya kuzirudisha amana kwa wenyewe imetangulia, ndipo ikafuata amri ya kuwatii wenye mamlaka. Mpango huo una maana kwa mwenye kuzingatia. Utii wa raia na uaminifu wa mtawala vimewekwa bega kwa bega, na mtawala ameanza kuambiwa.

Lakini ni nani anayewajaza watumishi hewa katika orodha? Si mkulima. Ni mtumishi mwenye kalamu. Na ni nani anayeweza kuwazuia? Ni mtumishi mwingine, aliyekaa meza ya pili, ambaye ameona jina asilolijua na akanyamaza au akasema.

Neno kwa mwenye kulipwa na umma

Ndugu yangu, dada yangu, unayelipwa na umma, sasa waona kwamba ule mstari wa makato katika hati yako ya mshahara una maana kubwa kuliko kiasi kilichoandikwa. Wakuthibitisha kuwa wewe ni miongoni mwa wachangiaji. Laiti ungesamehewa, ungekuwa mtu anayekula sinia ambalo hakulichangia, na yule bibi wa Matombo anayekuja kituo cha afya na mjukuu wake angekuwa na haki ya kukutazama hivyo. Kwa kuwa unachangia, unasimama naye sawa. Fedha inayoharibiwa ofisini ni yake na ni yako, na una haki ya kuuliza ilikokwenda.

Na yule aliyejipa ruhusa ya kujirudishia azingatie jambo hili. Kama hoja ya mikono miwili ingekuwa sahihi, bado isingempa ruhusa hiyo, kwani dhuluma hailipwi kwa kumdhulumu mtu wa tatu. Mgonjwa aliyeombwa "chai" hakukukata kodi. Mtoto aliyekosa somo kwa sababu mwalimu hakuja hakuandika hati yako ya mshahara. Sasa kwa kuwa tumeona kwamba hoja yenyewe si sahihi, amebaki bila udhuru. Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Mutaffifin amewaonya wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Anayepokea mshahara wa saa nane na kutoa kazi ya saa tano anashika pishi hilo hilo, ingawa hauzi nafaka.

Maji ya Uluguru hushuka kwa mito mingi, na kupitia Ruvu hufika hata Dar es Salaam kwa watu wasioijua milima yenyewe. Mkulima wa juu akiuchafua mto, anayeumia ni mtu ambaye hatamwona maishani. Ndivyo ilivyo kazi ya umma, na ndivyo ilivyo fedha ya umma. Wanaonufaika kwa uaminifu wako na wanaodhurika kwa uvivu wako ni wengi kuliko wale wanaopita mbele ya meza yako. Basi lipa kilicho juu yako, dai kilicho chako kwa njia ya haki, na ilinde amana iliyo mkononi mwako.

Mwenyezi Mungu awajalie wenye mamlaka kuwa waaminifu kwa wanaowaongoza, na atujalie sisi sote kuzitimiza haki za waja Wake kama tunavyotaka zetu zitimizwe. Amin.